Nyumba Zinazoipa Njia Mgongo: Siku Moja katika Makumbusho ya Lamu

Nyumba ya mawe ya Lamu ilijengwa kwa nia ya kumzuia mgeni asione ndani. Ukuta wake unaotazama njia hauna madirisha, ila pengine matundu machache yaliyo juu ya usawa wa macho. Mlango wake hufungukia ukumbi mdogo uliopinda ili mpita njia asiuone ua. Na vyumba vyake vimepangwa kwa namna ambayo kila hatua ya kuelekea ndani ilikuwa haki aliyoipata mtu kwa nasaba au kwa ndoa, au wajibu aliobebeshwa kwa utumwa. Ni ajabu kidogo, basi, kwamba nyumba ya namna hiyo, ikishakarabatiwa na kuwekewa meza ya tiketi, humfungukia yeyote mwenye kiingilio, na kwamba mgeni huyo huongozwa hadi chumba ambacho zamani hakikuingiwa ila na watu wa karibu kabisa wa mwenye nyumba. Ajabu hiyo ndiyo inayoifanya ziara ya siku moja Lamu istahili kwenda polepole. Katika eneo linalozungukwa kwa miguu kabla jua halijawa kali, mji una majengo manne ya kihistoria yaliyofunguliwa kama makumbusho chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na kila moja linajibu kwa njia yake swali ambalo hakuna mkarabati anayeweza kulikwepa: jengo lililopita katika mikono mingi lirudishwe kwenye siku ipi ya maisha yake?

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, kwa hoja kwamba ni miongoni mwa miji mikongwe ya Waswahili na iliyohifadhika kuliko mingi, na kwamba watu wameishi humo mfululizo kwa zaidi ya miaka 700. Hoja hiyo ya mwisho ina uzito kuliko inavyosikika. Gede, Takwa na Shanga, zilizo kwenye pwani hiyo hiyo, ni magofu, yaani miji iliyohamwa ikaachwa ianguke, na kulihifadhi gofu ni kazi ya kulizuia lisiporomoke zaidi. Lamu ina wenyewe, na wenyewe hao huzaa, hugawana mirathi, huongeza ghorofa, hutaka umeme na choo cha kuvuta maji, na hawawezi kuambiwa waishi kama babu zao ili wageni wapate cha kupiga picha. Makumbusho ya mji huu, kwa hiyo, ni vyumba vichache vilivyosimamishwa katikati ya nyumba nyingi zinazoendelea na safari.

Anayetoka bara hupanda boti Mokowe, na anayekuja kwa ndege hushukia kisiwa cha Manda kisha akavushwa mkondo, hivyo karibu kila mgeni huuona mji kwanza kutoka majini. Sura inayoonekana kutoka majini, hata hivyo, ndiyo iliyo changa kuliko zote: safu ya majengo yenye roshani na varanda, mengi yakiwa ya karne ya 19 na baada yake, yaliyojengwa mbele ya mji wa zamani wakati biashara ya Bahari ya Hindi ilipokuwa imeshamiri chini ya masultani wa Zanzibar. Mji wenyewe huanzia nyuma ya safu hiyo, kwenye njia kuu ambayo kwa Kiamu, lahaja ya Kiswahili ya kisiwa hiki, huitwa Usita wa Mui, yaani njia ya mji. Vichochoro vinavyotoka hapo ni vyembamba kiasi kwamba punda aliyebeba mizigo ya pande mbili humlazimu mtu kubana ukutani, na upana huo haukutokana na kukosa mpango: njia nyembamba kati ya kuta ndefu hukaa kivulini kwa sehemu kubwa ya mchana na huvuta upepo unaotoka baharini.

Kituo cha kwanza, kwa ukubwa wake na kwa kuwa kiko kwenye uwanja wa Mkunguni ambako njia nyingi hukutana, ni Ngome ya Lamu. Ujenzi wake ulianza karibu na mwaka 1813 na kumalizika 1821, na sababu yake imo katika vita vya Shela, kijiji kilicho upande wa kusini mashariki mwa kisiwa, ambako watu wa Lamu walilishinda jeshi la pamoja la Pate na la Wamazrui wa Mombasa. Masimulizi ya mji husema kwamba maji yalikuwa yamekupwa, vyombo vya wavamizi vikakwama mchangani, na waliokimbilia pwani wakakuta hakuna pa kukimbilia. Ushindi huo uliwaogopesha washindi karibu sawa na walioshindwa, kwa sababu Mombasa ingeweza kurudi kulipiza kisasi. Ndipo wakubwa wa Lamu wakaomba hifadhi kwa Seyyid Said bin Sultan wa Oman, ambaye alileta liwali, yaani mwakilishi wa mtawala, pamoja na askari. Ngome inayoonekana leo kuwa alama ya fahari ya mji ni, kwa maana hiyo, pia risiti ya uhuru ambao mji uliutoa ili upate usalama.

Baada ya askari wa sultani walikuja wafungwa. Serikali ya kikoloni iliigeuza ngome kuwa jela mwaka 1910, Kenya huru ikairithi kwa kazi hiyo hiyo, na haikuacha kuwa jela hadi 1984, ilipokabidhiwa kwa mamlaka ya makumbusho ili ikarabatiwe. Katika miaka hiyo zaidi ya 70, vizazi vya watu wa Lamu viliyajua majengo hayo kwa hofu zaidi kuliko kwa historia ya Shela, na mkarabati anayefika baada ya jela hulazimika kuamua kama minyororo ni sehemu ya urithi au ni uchafu wa kufagiliwa. Uamuzi uliofuatwa hapa ulikuwa wa kuelekea mbele: ngome ilipewa ukumbi wa maonyesho na maktaba, na ua wake ukawa mahali pa hafla za mji. Hili linastahili kusifiwa, kwa kuwa jengo linaloingiwa na wanafunzi wenye madaftari huwa na watu wa kulipigania siku bomba la maji linapopasuka, ingawa mgeni angefaidika kama miaka ya jela ingesimuliwa kwa sauti kubwa zaidi ya ile inayosimulia mizinga.

Kutoka Mkunguni, vichochoro humfikisha mtu kwenye Nyumba ya Kiswahili, ambayo ndiyo kiini cha ziara yote na ndiyo inayostahili saa nyingi kuliko majengo mengine. Ni nyumba ya mawe ya mtindo wa karne ya 18, wakati Lamu ilipokuwa ikitajirika kwa pembe za ndovu, boriti za mikoko na mazao ya mashamba ya bara yaliyolimwa na watumwa, na imerudishwa katika hali ya wakati huo kwa kuondolewa viraka vya baadaye na kupangwa upya vitanda, mikeka, mitungi na vyombo vya jikoni. Ili kuielewa, ni lazima mtu aisome kwa mfuatano wa vyumba, kwa kuwa ndani yake nafasi yenyewe ndiyo lugha. Kwanza ni daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili za mlango, ambapo mwanamume alikaa na wageni wasio wa kuingia ndani, wakazungumza bei na siasa huku njia ikipita mbele yao. Nyuma ya mlango ni tekani, ule ukumbi uliopinda, na karibu nao ni sabule, chumba cha wageni wa kiume, ambamo mfanyabiashara kutoka ng'ambo aliweza kulala kwa majuma mengi akingoja upepo wa monsuni bila kuwaona wanawake wa nyumba. Baada ya tekani hufunguka kiwanda, yaani ua usio na paa, ambao ndio dirisha halisi la nyumba nzima: mwanga na hewa havipiti ukutani, hushuka kutoka juu. Pembeni mwa ua kama huo huwa kuna birika, tangi la maji la mawe, ambamo watu wa Lamu wamezoea kufuga samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, dawa isiyohitaji duka.

Kutoka uani huanza vyumba vyenyewe, na hapa mgeni asiyejua hushangaa kuona kwamba si vyumba vilivyotawanyika bali ni safu za kumbi ndefu na nyembamba zilizolala moja nyuma ya nyingine, kila moja ikiwa juu kidogo kuliko iliyotangulia na yenye giza zaidi. Ya kwanza ni msana wa tini na ya pili ni msana wa yuu, majina ya Kiamu yenye maana ya ukumbi wa chini na wa juu. Ya tatu ni ndani, chumba cha bwana na bibi wa nyumba, na jina lake halikuhitaji maelezo zaidi kwa waliolitumia. Ukuta wa ndani hubeba zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa safu kwa safu katika lipu ya chokaa, ambavyo humeremeta kwa mwanga mdogo unaofika kutoka uani na hukifanya chumba chembamba kionekane kirefu kuliko kilivyo. Humo vilipangwa vyombo vya kauri vya China na vitu vingine vya thamani vilivyokuja kwa bahari. Mwanaakiolojia Linda Donley, aliyezichunguza nyumba za Lamu katika miaka ya 1980, alizisoma zidaka na vyombo vyake kuwa kinga pia, ngao dhidi ya husuda na nguvu zisizoonekana mahali ambapo ndoa ilitimia na watoto walizaliwa. Nyuma kabisa ni nyumba kati, chumba kidogo cha mipaka ya maisha, ambamo mwanamke alijifungua, maiti ilioshwa na mjane alikaa eda, muda wa kujitenga baada ya kifo cha mumewe.

Maelezo ya aina hiyo humfanya msomaji adhani kwamba nyumba ilikuwa gereza la wanawake, na dhana hiyo ina ukweli wa nusu tu. Kwa desturi ya Lamu, baba mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba au ghorofa alipoolewa, na mume ndiye aliyehamia. Kwa hiyo kuta hizo, pamoja na kumfunika mwanamke, zilikuwa mali yake au ya ukoo wake wa kike. Ghorofa zilizorundikana juu ya nyumba za zamani ni kumbukumbu ya arusi za mabinti, na wikio, chumba kilichojengwa juu ya kichochoro kama daraja kuunganisha nyumba mbili, kiliwawezesha wanawake wa familia jirani kutembeleana bila kukanyaga njia. Ukweli uliofichika zaidi ni ule wa waliokuwa chini. Katika nyumba za ghorofa, sehemu ya chini iliachiwa bidhaa na watumwa, na ni watumwa waliopandisha maji, waliokuna nazi kwa mbuzi na kukamua tui kwa kifumbu, waliobeba mawe yaliyojenga zidaka ambazo hawakuruhusiwa kuzipangia chombo kwa ajili yao. Utumwa ulifutwa kisheria katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907, na nyumba yoyote ya makumbusho inayoonyesha mbuzi na kifumbu bila kuutaja mkono ulioshika vyombo hivyo imekarabati kuta ikauacha umma uliozihudumia ukiwa gofu.

Ufundi wa nyumba hizi nao una mantiki yake, na bila kuijua ni vigumu kujua kwa nini ukarabati mmoja hudumu na mwingine huumuka na kubanduka. Mawe ni ya matumbawe, ya aina mbili: yale magumu yanayochimbwa nchi kavu, kama yanayokatwa hadi leo Maweni katika kisiwa cha Manda, hutumika kwa kuta, na yale laini yanayokatwa baharini yakiwa bado hai, ambayo huchongeka kwa urahisi yakiwa mabichi na kukaza yakikauka, hutumika kwa nakshi. Chokaa hupatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya tanuri la magogo hadi yageuke unga, kisha unga huo huzimwa kwa maji na kuachwa uive. Dari hushikiliwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa urefu wa boriti inayoweza kubeba uzito una mwisho, upana wa chumba kwa kawaida hauzidi mita 3. Umbo lile refu na jembamba la misana, ambalo wageni hulisifu kama uamuzi wa kisanaa, kwa sehemu kubwa liliamuliwa na mti. Juu ya boriti hulazwa mawe bapa, kisha kokoto na chokaa inayopigwa hadi ikaze, na hiyo ndiyo sakafu. Neno hilo lina asili ya Kiarabu, na huko lilikotoka lina maana ya paa au dari. Waswahili walipolichukua walilipa maana ya pale wanapokanyaga, kwa kuwa katika nyumba ya ghorofa paa la mmoja ni uwanja wa mwingine.

Chokaa hupumua, yaani huruhusu unyevunyevu unaopanda kutoka ardhini kutoka nje ya ukuta kidogo kidogo. Saruji haipumui. Fundi anayepaka saruji juu ya ukuta wa matumbawe kwa nia njema ya kuuimarisha huufungia maji na chumvi ndani, na baada ya misimu kadhaa lipu hutoka kwa mapande ikiwa imeng'ang'ania ngozi ya jiwe. Boriti nazo zina tatizo lake: zuio la ukataji miti lililotangazwa nchini Kenya mwaka 2018 liliigusa pia mikoko ya Lamu, likawaacha mafundi na wakataji wakiuliza inawezekanaje mji ulindwe kwa sheria inayotaka vifaa vya asili, huku vifaa vyenyewe vikizuiwa na sheria nyingine. Si swali la kudharauliwa, kwa kuwa mikoko nayo ni kinga ya pwani. Lakini linaonyesha kwamba kuhifadhi nyumba ni kuhifadhi pia msitu, tanuri na mikono inayojua muda wa kuizima chokaa. Zanzibar ilionja uchungu wa upande mwingine wa jambo hili tarehe 25 Desemba 2020, pale sehemu ya Beit al-Ajaib, kasri lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, ilipoporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea na kuua watu wawili.

Mtu akitoka katika giza la ndani na kurudi ufukweni, Makumbusho ya Lamu humpiga kwa mwanga. Jengo hili la mwishoni mwa karne ya 19, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa makazi ya maofisa wa kikoloni wa Uingereza kabla ya kugeuzwa makumbusho mwanzoni mwa miaka ya 1970, lina varanda zinazotazama bahari, na aliyekaa hapo aliona kila chombo kilichotia nanga na alionekana na kila aliyeshuka. Ni kinyume cha Nyumba ya Kiswahili karibu kwa kila kipengele, kwa sababu mamlaka ya kikoloni ilitaka kutazama na kutazamwa, ilhali heshima ya muungwana wa Lamu ilikuwa katika kutoonekana. Ndani yake zimo siwa mbili ambazo peke yake zingetosha kumvukisha mtu mkondo wa Manda: siwa ya Pate, ya pembe ya ndovu iliyochongwa, na siwa ya Lamu, ya madini yaliyosubiwa. Siwa ni baragumu kubwa la heshima, lililopulizwa katika kutawazwa kwa watawala na katika arusi na tohara za watu wa nasaba, na kuwa nayo kulikuwa sehemu ya kuwa na mamlaka. Zimewekwa leo zikiwa kimya chini ya paa la mtawala wa mwisho aliyezipokonya maana, na hakuna maandishi ya ukutani yanayoweza kulisema jambo hilo vizuri kuliko jengo lenyewe linavyolisema.

Posta ya Wajerumani, ya nne, haihitaji muda mrefu. Ndugu Clemens na Gustav Denhardt walikuwa wamepata ardhi na mkataba kwa Sultan Ahmed wa Witu, upande wa bara, na Ujerumani ikatangaza ulinzi wake huko mwaka 1885. Barua za koloni hilo dogo zilihitaji bandari, na bandari ilikuwa Lamu, hivyo mwaka 1888 posta ikafunguliwa katika nyumba ya kawaida ya mji. Kwa mkataba wa Julai 1890, ambao kwao Ujerumani ilipata kisiwa cha Heligoland na kuacha madai yake ya Witu, sababu ya posta ikafa, na mwaka uliofuata ikafungwa. Haikufika miaka 3. Nyumba iliyokuwepo kabla ya barua ya kwanza, na iliyoendelea kukaliwa na watu muda mrefu baada ya barua ya mwisho, imebatizwa kwa jina la kipindi chake kifupi kuliko vyote, kwa kuwa hicho ndicho kilichoacha stempu na mihuri.

Jina la mlangoni, kwa hiyo, ni sehemu ya ukarabati sawa na lipu. Mji huu ulitangazwa rasmi kuwa mahali pa kuhifadhiwa mwaka 1986, na tangu hapo mwenye nyumba katika eneo hilo hatakiwi kubomoa au kuongeza ukuta bila idhini. Lakini gharama ya chokaa na boriti hubaki juu yake, na warithi kumi wa nyumba moja, wengine wakiwa Mombasa na wengine Ghuba, huona ni afadhali kuuza. Wanunuzi wa kigeni wamefufua nyumba nyingi kwa ufundi wa hali ya juu, na mafundi wa Lamu wamepata kazi kwa sababu yao. Hata hivyo, nyumba iliyokarabatiwa vizuri na kukaliwa majuma machache kwa mwaka huwa makumbusho bila ya kutangazwa, tena isiyouza tiketi, na daka lake hukosa wa kukalia.

Jioni, makumbusho yanapofungwa na boti za Mokowe zinapojaza abiria wa mwisho, majahazi yaliyotoka Manda huwa bado yanashusha mawe ya Maweni ufukweni, mbele ya zile varanda. Mawe hupangwa kwenye mashogi, mifuko ya kusukwa inayoning'inia pande mbili za mgongo wa punda, na punda huyapandisha hadi Usita wa Mui, hupinda kwenye kichochoro, na husimama mbele ya mlango ambao mgeni hatausikia ukifunguliwa.